Kusoma na Kuzingatia: Mafunzo ya Hadithi ya Mtu Aliyekosea Swala

  

 

Mwaka huu nimetakiwa niandike katika jarida letu juu ya kutafuta elimu. Nilitaka kuandika fadhila za elimu, lakini fadhila hizo mmekwisha kuzisikia katika kila hafla ya khitma, na wengine wenu mnazijua kwa moyo kuliko mimi. Nimeona bora niandike jambo lililonikuta mwenyewe darasani, ambalo lilinirudisha kwenye hadithi moja niliyoisoma tangu utotoni nikidhani nimeifahamu. Jambo lenyewe ni kuzingatia. Mwanafunzi asimame ajiulize amefahamu nini katika aliyoyasoma, na mwalimu asimame ajiulize ni kipi hasa kilichomfikia mwanafunzi katika aliyoyafundisha.

Mtoto aliyejua shadda 14

Nilikuwa nikisomesha Safinatun Najaa, kile kitabu kidogo cha fiqhi ya Imam Shafi kilichotungwa na Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, ambacho watoto wengi wa mwambao wetu huanzia. Ndani yake zimehesabiwa shadda za Suratul Fatiha moja baada ya moja, nazo ni 14. Darasani alikuwapo mwanafunzi mmoja wa miaka 11, jina lake silitaji, hodari sana wa kuhifadhi. Ukimwuliza shadda za Fatiha anakuhesabia zote bila kuvuta pumzi, kuanzia lamu ya jina la Allah katika Bismillahi, kisha raa ya Ar-Rahmaan, raa ya Ar-Rahiim, mpaka lamu ya mwisho katika Waladh-dhwaalliin. Walipokuja wageni chuoni, yeye ndiye niliyekuwa nikimsimamisha. Na nikisema kweli, nilikuwa nikijisifu mimi kwa ulimi wake.

Siku moja ya Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi na watoto wakaja wachache, sita au saba. Sikutaka kuendelea na somo jipya ilhali wengi hawapo, nikasema basi kila mmoja anisomee Fatiha peke yake. Ilipofika zamu yake nikamsikia akilipita neno "iyyaaka" kwa yaa nyepesi isiyo na shadda, mara zote mbili. Nikadhani ulimi umeteleza. Nikamwambia arudie, akarudia vile vile.

Nikamwuliza, "Shadda za Fatiha ngapi?"

"Kumi na nne, maalim."

"Ya tisa ipi?"

"Yaa ya iyyaaka."

Na alipoitaja katika hesabu aliitamka na shadda yake sawasawa! Nikamwambia, "Haya, soma." Akasoma, na shadda ikapotea tena.

Wenye kujua lugha wanasema neno hilo likiondolewa shadda hugeuka likawa na maana ya mwangaza wa jua, na mafakihi wetu wa Kishafi wametahadharisha sana juu yake. Kwa hiyo mtoto aliyeihifadhi hukumu kwa moyo ndiye huyo huyo aliyekuwa akiiacha katika rakaa 17 za faradhi za kila siku, na wala hana habari. Hukumu ilikaa upande mmoja wa kichwa chake, na Swala yake ikakaa upande mwingine, na hakuna aliyempitisha baina ya pande hizo mbili.

Nikajiuliza, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mbele yake kwa muda wa miaka miwili, nikiongoza kisomo cha pamoja. Watoto 40 wakisoma kwa sauti moja, msikiti unajaa sauti, wapita njia wanasimama kusikiliza, na kosa la mmoja linafunikwa na usahihi wa wenzake 39. Siku za mtihani nilimwuliza idadi ya shadda, akapata alama zote. Sikumwambia hata siku moja azisome nami nimsikilize.

Hadithi yenyewe

Usiku ule ndipo iliponijia hadithi ya mtu aliyekosea Swala. Wameipokea Imam Bukhari na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini, akaingia mtu mmoja akaswali, kisha akaja kumsalimia. Mtume (S.A.W.) akamrudishia salamu, akamwambia arudi akaswali kwa sababu hakuswali. Akarudi, akaswali kama alivyoswali mwanzo, akaja tena kusalimia, akaambiwa maneno yale yale. Ikawa hivyo mara tatu. Mwishowe yule mtu akaapa kwa yule aliyemtuma Mtume kwa haki kwamba yeye hajui kuswali vizuri kuliko vile, basi na amfundishe. Hapo ndipo Mtume (S.A.W.) alipomfundisha: apige takbira, asome kilicho chepesi kwake katika Qur'ani, arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka asimame sawa, asujudu mpaka atulie, akae mpaka atulie, na afanye hivyo katika Swala yake yote. Baadhi ya wanavyuoni wamemtaja mtu huyo kuwa ni Khallaad bin Raafi'.

Sisi tumezoea kuitumia hadithi hii kuthibitisha kwamba utulivu ni nguzo katika Swala, na ni kweli. Lakini hebu itazame, ewe mwanafunzi mwenzangu, kwa jicho la anayefundisha na anayefundishwa.

Kwanza, Mtume (S.A.W.) aliiona Swala ya mtu yule. Hakumwuliza nguzo za Swala ni ngapi. Huenda angemwuliza angejibu vizuri. Alimtazama akitenda, na kosa lilikuwa ndani ya kutenda.

Pili, hakumweleza kosa lake papo hapo. Wanavyuoni wamelijadili sana jambo hili, kwa nini aliachwa arudie mara tatu. Baadhi yao wamesema huenda alighafilika tu, akapewa nafasi akumbuke mwenyewe, na pia kwamba anayefundishwa baada ya kutafuta na kukosa huipokea elimu vizuri zaidi kuliko anayepewa kabla hajaihitaji. Mara tatu alisimama peke yake akijiuliza nimekosea wapi. Nadhani katika hadithi nzima hapo ndipo palipofanyika kazi kubwa, na ndipo sisi walimu tusipokuwa na subira napo. Mtoto akikwama kidogo tu, tunamtamkia sisi, naye anatuitikia, tunasonga mbele, na kila mmoja wetu anadhani jambo limekwisha.

Tatu, kila aliporudi alirudishiwa salamu yake. Hakufukuzwa wala hakukemewa, wala hakufanywa kichekesho mbele ya waliokuwapo. Kama angeaibishwa mara ya kwanza, sidhani angekuwa na ujasiri wa kurudi mara ya tatu na kukiri kwamba hajui. Kiboko kinaweza kumfanya mtoto anyamaze, lakini mtoto aliyenyamaza hatakwambia asichokijua.

Na mafunzo yenyewe yalipokuja yalikuwa mafupi. Katika baadhi ya riwaya umetajwa pia udhu na kuelekea kibla, lakini lile lililorudiwa rudiwa ni kutulia, kwa sababu ndilo alilolikosa. Mwalimu aliyekwisha kumtazama mwanafunzi wake anajua aseme nini na aache nini. Ibn Mas'ud (R.A.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja akatamani awawaidhi kila siku, akakataa kwa kuchelea kuwachosha, akaeleza kwamba hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiwachagulia wao wakati wa mawaidha.

Qur'ani inataka nini kwa msomaji wake

Katika Surat Swaad aya ya 29, Allah (S.W.) anatueleza kwamba Kitabu hiki chenye baraka kimeteremshwa ili watu wazizingatie aya zake na wenye akili wakumbuke. Na katika Surat Muhammad aya ya 24 wanalaumiwa wasioizingatia Qur'ani, na zinatajwa nyoyo zilizofungwa kufuli. Neno linalotumika huko ni tadabburi. Asili yake katika Kiarabu ni kutazama mwisho wa jambo na yaliyo nyuma yake, yaani kulifuata neno mpaka uone linakufikisha wapi.

Abu Dharr (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alisimama usiku na aya moja tu, akiirudia mpaka asubuhi, nayo ni aya ya 118 ya Suratul Maida. Na Abu Abdir-Rahmaan As-Sulami, ambaye ni katika Tabiina, amepokea kwamba waliowasomesha Qur'ani katika Maswahaba walikuwa wakijifunza aya 10, hawazivuki mpaka wajue yaliyomo ndani yake katika elimu na amali. Sisi mtoto akichukua mwezi mzima katika sura moja tunamwita mzito.

Msinifahamu vibaya. Simwambii mtu aache kuhifadhi. Huwezi kukizingatia usichokuwa nacho, na mtoto mwenye Qur'ani kifuani ana hazina itakayomfaa maisha yake yote. Ninalosema ni kwamba kuhifadhi ni kuingiza mali ghalani, na kuna siku lazima ghala lifunguliwe tuone kilichomo.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ana kisa mashuhuri cha ujana wake. Alikuwa akirudi kwao Tuus kutoka Jurjaan alikokwenda kusoma, njiani wakavamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu pamoja na mkoba wa maandishi ya masomo yake. Akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie maandishi tu, kwani hayawafai kitu, na ndani yake mna elimu aliyosafiri kuitafuta. Mnyang'anyi akacheka, akamwambia vipi unadai una elimu, na sisi tumeichukua ukabaki huna kitu? Akamrudishia mkoba wake. Ghazali mwenyewe aliliona neno lile kuwa ni uongozi aliotumiwa na Mola wake, akafika Tuus akakaa miaka mitatu mpaka yote aliyoyaandika yakawa yake. Miaka mitatu ya kuyarudia yale yale, asome kipya chochote au asisome!

Mtu asije akasema basi Ghazali alihifadhi tu, na hadithi ikaishia hapo. Huyu ndiye aliyekuja kuandika katika Ihyaa kitabu kizima juu ya kutafakari na kingine juu ya kuihesabu nafsi. Na Ibn Khaldun wa Tunis (1332 hadi 1406) alikwisha kuliona tatizo letu. Ameeleza katika Muqaddima kwamba wako wanafunzi wanaotumia umri wao mwingi katika vikao vya elimu wakiwa kimya, hawasemi wala hawajadiliani, hamu yao yote ni kuhifadhi, na mwisho wake hawapati uwezo wa kuitumia elimu waliyoihifadhi. Akataja kwamba huko Maghrib mwanafunzi alikuwa akiwekewa miaka 16 ya kukaa madrasa, na Tunis miaka mitano, na urefu ule wa Maghrib akaunasibisha na ubaya wa njia ya kufundisha. Dawa aliyoitaja ni rahisi, nayo ni kuufungua ulimi wa mwanafunzi katika kujadiliana masuala ya elimu.

Kuufungua ulimi si jambo dogo kwa mtoto. Siku moja Mtume (S.A.W.) aliwauliza Maswahaba ni mti gani usiopukutisha majani, nao ni mfano wa Muislamu. Watu wakawaza miti ya nyikani. Ibn Umar (R.A.) akaona moyoni mwake kwamba ni mtende, lakini alikuwa mdogo kati ya wakubwa, akaona haya, akanyamaza. Ulikuwa ni mtende kweli. Baadaye alipomweleza baba yake, Sayyidna Umar (R.A.) alimwambia kwamba angalisema, lingalikuwa jambo la kumpendeza zaidi kuliko kitu kadha na kadha. Mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, kama jibu limo moyoni mwako, litoe. Likiwa kosa utalijua leo, nalo ni bora kuliko kulijua ukiwa na ndevu.

Kwa wazazi

Wazazi wengi mnapomlaki mtoto jioni mnamwuliza, "Umefika sura gani?" Ni swali zuri, lakini jibu lake ni jina tu. Ongezeni la pili: leo umefahamu nini? Kisha mnyamaze mumngojee, hata akikaa kimya kidogo. Si lazima mzazi awe msomi. Kuna hata faida ya kutojua, maana mtoto atalazimika kukueleza mpaka uelewe, na pale atakapobabaika ndipo atakapoona mwenyewe panapovuja.

Mama mmoja alinisimulia huku akicheka kwa haya. Mwanawe alirudi chuoni, akamwuliza mmesoma nini. Akasema, "Araayta." Inasema nini? Mtoto akaeleza anayemsukuma yatima, akaeleza wanaoghafilika na Swala zao, kisha akasema, "Na wanaonyima watu vyombo." Nilikuwa nimewaeleza riwaya ya Ibn Mas'ud (R.A.), kwamba wao katika zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wakihesabu maun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Sasa, adhuhuri ya siku hiyo hiyo jirani alikuwa amekuja kuazima kinu, na mama alimtuma mtoto huyu huyu akaseme kwamba kinatumika, na kinu kimelala nyuma ya mlango. "Maalim," akaniambia, "alinitazama, nami nikamtazama. Nikakibeba mwenyewe mpaka kwa jirani."

Siku hizi watoto wengi wanasikiliza wasomaji mashuhuri katika simu, na hilo lina kheri yake, sikio linajifunza. Lakini simu inakusomea tu, haikusikilizi. Mkae nao watu wa kuwasikiliza.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu

Alhamisi iliyofuata sikumwambia kosa lake. Nilimpa msahafu, nikamwambia asome Fatiha polepole, kila anapoitamka shadda akunje kidole, na mwisho aniambie amepata ngapi. Alipomaliza, akatazama vidole vyake, akaanza upya bila kuambiwa. Mara ya tatu akainua uso.

"Maalim, nimepata kumi na mbili. Mbili zimekwenda wapi?"

Nikamwambia azitafute. Akazipata kabla ya adhana ya Alasiri, na tangu siku hiyo sijamsikia akizipoteza. Ingekuwa nimemtamkia mimi, nadhani tungekuwa bado tunasahihishana mpaka leo.

Lakini mtoto mwenye akili haishii hapo. Alinifuata hadi penye viatu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na Swala zangu za nyuma?" Sikuwa na jibu. Nilikumbuka kwamba katika hadithi ile ya Abu Hurayra haikutajwa kuwa yule mtu aliamrishwa kuzilipa Swala zake za zamani, lakini sikutaka kutoa hukumu kwa kumbukumbu yangu. Nikamwambia twende pamoja kwa Sheikh.

Sheikh akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwuliza umri wake na mambo mawili matatu, kisha akamwambia, "Wewe bado hujabaleghe, mwanangu. Huna deni. Shika ulivyojua leo." Mtoto akafurahi, akabusu mkono, akatoka mbio. Mimi nilitaka kuondoka naye. Sheikh akaniambia, "Wewe kaa. Wewe umeshabaleghe."

Hakunikemea. Aliniuliza tu nina wanafunzi wangapi, na wangapi nimewasikia wakisoma peke yao mwaka ule. Basi toka wiki ile Alhamisi nikaiacha kwa kusikiliza, watoto wanane kila siku, wiki tano mpaka wote 40 wakaisha. Wengine walikuwa safi kabisa. Tisa walikuwa na makosa, makubwa na madogo. Na wanne katika hao tisa kosa lao lilikuwa moja, nalo ni kuivuta herufi moja kuliko haki yake kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwalimu mwingine yeyote. Nikakaa nikiwaza wameitoa wapi. Nilipofika nyumbani nikajisomea kwa sauti, polepole, nikaisikia.

Jumamosi baada ya Alfajiri nikarudi kwa Sheikh, nikakunja miguu mbele yake, nikaanza Bismillahi.